Sina digrii na nalipwa 45,000. Mshahara huu utagota wapi?

BintiWaRongai

Hamjambo nyote. Huwa nasoma tu humu bila kuandika, lakini leo nimeamua kuuliza kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi tangu Alhamisi.

Nina miaka 25. Nilifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, 2018 nikapata C, na bila C+ huingii digrii moja kwa moja, mnajua. Mamangu anauza mitumba ya watoto Gikomba. Alikopa kwenye chama chao akanilipia kozi ya miezi mitano ya kuandika programu. Nikafanya atachmenti miezi mitatu bila malipo, kisha nikaajiriwa na kampuni ndogo huku Ngong Road inayotengeneza mifumo ya maduka na hoteli. Sasa ni miaka miwili na nusu. Nilianza na shilingi 35,000 kwa mwezi, leo ni 45,000. Wakishakata NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya), ada ya nyumba na PAYE (kodi ya mshahara) nabaki na kama 35,900. Bedsita ni 9,000, mama namtumia 6,000, kisha nauli ya kutoka Rongai kila siku na bando.

Alhamisi ilikuwa tathmini ya mwaka. Meneja akaniambia kazi yangu ni nzuri na ataniongeza asilimia nane. Nikamwuliza nifanye nini ili siku moja niwe mhandisi mwandamizi. Akanijibu kwa upole kabisa: "Hapo, kusema kweli, utahitaji digrii." Nikanyamaza. Kuna wawili walioingia baada yangu, wote wana digrii, na mmoja wao ni mimi ninayemkagulia msimbo, yaani programu aliyoiandika, kabla haujafika kwa mteja.

Binamu yangu anasema niingie diploma kwanza, halafu digrii ya jioni na Jumamosi. Nimehesabu nikaona ni miaka mitano au sita. Nitamaliza nikiwa na 31, na karo itatoka kwenye hiyo hiyo 35,900.

Naomba mliotangulia bila digrii mniambie: mshahara wenu ulipandaje? Uligota mahali? Nipeni namba, tafadhali. Maneno ya kunitia moyo nimeshapewa mengi.

MhasibuUpperHill

Dada, mimi nakaa kwenye jopo la mahojiano katika taasisi kubwa, kwa hiyo nikueleze ya upande huu wa meza. Kwetu kila cheo kina daraja, na kila daraja lina masharti yaliyoandikwa. Kuanzia daraja fulani digrii ni sharti, hata kama mfumo wote uliuandika peke yako. Nimeona watu wazuri wakichujwa kabla majina yao hayajatufikia, kwa sababu fomu ya maombi ina mahali pa digrii na usipopajaza haikuruhusu kwenda ukurasa wa pili. Serikalini ni hivyo hivyo. Aliye kwenye jopo hana uwezo wa kulibadilisha hilo hata akikupenda.

Lakini umesema uko kwenye kampuni ndogo. Nyingi za hizo hazina madaraja ya maandishi. Meneja akikwambia "utahitaji digrii", mwulize kwa heshima imeandikwa wapi. Jibu lake litakufundisha mengi.

FundiWaKayole

Dadangu, umeomba namba, nami nitakupa zangu zote. Nilipokuwa na umri wako hakuna mtu aliyekubali kuniambia analipwa ngapi, na ukimya huo umenigharimu kuliko kukosa digrii.

Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, mwanafunzi wa kujilipia. Baba akaugua figo. Karo ikawa pesa ya dialisisi, nikatoka, na sikurudi. Nikapata kazi kwenye saiba moja Kayole, upande wa Masimba: kuchapa wasifu wa watu, fotokopi shilingi tano, kuwajazia wanafunzi fomu za HELB, mkopo wa elimu ya juu. Mwenye saiba alikuwa na programu ya kuhesabu dakika za wateja na ilikwama kila wiki. Nilijifunza PHP, lugha ya kuandika programu, nikijaribu kuitengeneza, usiku baada ya kufunga mlango, maana hapo intaneti sikuilipia. Jumamosi nilikuwa napanda matatu mbili hadi Ngong Road, wakati iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ingali kwenye jengo la Bishop Magua, nakaa viti vya nyuma nasikiliza.

2013 nikapata kazi ya kwanza ya kuandika programu, ofisi ya watu wanne juu ya duka la vitambaa Biashara Street. Tulikuwa tunatengeneza mifumo ya karo za shule. 15,000, pesa mkononi. Kufikia 2015 walikuwa wananipa 28,000. 2016 nikahamia kampuni moja Kilimani kwa 45,000. Ndiyo, namba hiyo hiyo yako, karibu miaka kumi nyuma. Ukikumbuka bei ya unga wakati ule, utaona kwamba yako leo ni ndogo kuliko yangu.

Hapo Kilimani walinipa kijana aliyetoka chuo nimfundishe kazi. Kijana mzuri, mwenye adabu, tulikula pamoja chapati na ndengu kwenye kibanda nyuma ya ofisi karibu kila siku. Mwaka 2017 akanijia na fomu ya mkopo wa sacco, anataka nimdhamini. Alikuwa ameshaijaza kwa kalamu ya buluu. Nikawa natafuta mahali pa kuandika namba yangu ya kitambulisho, jicho likapita kwenye mstari wa mshahara wa mkopaji. 85,000. Mimi wakati huo nilikuwa na 52,000, na nilikuwa nimetangulia mwaka mzima kabla yake. Nikatia sahihi, nikamrudishia fomu yake, nikaenda chooni nikakaa huko dakika kumi. Yeye hakuwa amenikosea lolote.

Wiki iliyofuata nilimwuliza mkuu wetu. Akaniambia, "Wewe tulikuchukua bila karatasi." Na unajua nilifanya nini? Nilimshukuru. Nilitoka ofisini mwake nikihisi nimekosa adabu kwa kuuliza. Hilo bado linaniuma hadi leo, kwa sababu kwa mwaka mmoja na zaidi nilikuwa nimefanya kazi ya watu wawili nikidhani nalipa deni.

Sasa tazama hiyo asilimia nane yako kwa makini. Asilimia nane ya 45,000 ni 3,600, kwa hiyo mwaka ujao utakuwa na 48,600. Mtu wa 85,000 akipewa asilimia nane hiyo hiyo anaongezwa 6,800, anafika 91,800. Kwenye makaratasi nyote mmetendewa sawa, lakini pengo kati yenu limetoka 40,000 likawa 43,200. Endelea hivyo miaka mitano: wewe utakuwa na kama 66,000, yeye karibu 125,000. Yaani miaka mitano ya nyongeza nzuri, bila kukosa hata moja, haikufikishi mahali alipoanzia yeye. Digrii ilipanga ile namba ya kwanza tu. Kazi yote iliyobaki ilifanywa na asilimia, kimyakimya, na hakuna mtu aliyelazimika kukudharau tena.

Ndiyo maana nakwambia, swali la digrii ni kubwa, lakini la kwanza ni namba unayoanzia. Na kwa niliyoyaona, namba hiyo haibadiliki ukiwa umekaa pale pale. Inabadilika siku unapoingia mlango mwingine.

Kilichonifungulia mimi mlango ni kosa la malipo. Mwaka huo wa 2017 ndipo Safaricom ilipotoa Daraja, njia ya kuunganisha mifumo na M-Pesa. Kabla yake, kuunganisha mfumo wako na M-Pesa ilikuwa kazi ndefu ya XML (muundo wa kubadilishana data) na VPN (njia ya siri ya mtandao), unangoja wiki baada ya wiki. Daraja ikarahisisha, na kila mwenye duka akataka malipo ya paybill yaingie kwenye mfumo wake yenyewe. Mteja wetu mmoja, muuzaji wa jumla, akaanza kulalamika kuwa mfumo unaonyesha pesa nyingi kuliko zilizo kwenye akaunti. Siku nne watu walitafuta mwizi. Kuna keshia alilia mbele yetu.

Mimi nikachapisha miamala ya siku moja, karatasi kumi na moja, nikaanza kupitia mstari kwa mstari nikiwa na rula na penseli, nikiangalia ile namba ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu kumi. Karatasi ya tatu nikaona namba moja imejirudia. Kiasi kile kile, simu ile ile, sekunde nane kati yake. Nikaendelea, nikapata nyingine, na nyingine. Taarifa ya malipo ilikuwa ikifika kwetu, seva yetu inachelewa kuijibu, taarifa inakuja tena, nasi tunaiandika kama malipo mapya. Kosa lilikuwa letu kabisa. Tuliiambia hifadhidata ikatae namba ya muamala inayojirudia, tukafanya seva ijibu kwanza ndipo ianze kazi nyingine. Jioni moja ilitosha. Pesa zilizohesabiwa mara mbili kwa miezi miwili zilipita 600,000, na yule keshia akarudishiwa jina lake.

Usiku huo niliandika kurasa mbili: tatizo lilikuwa nini, nililigunduaje, lilihusu pesa ngapi, tulilitibu vipi. Nikaondoa jina la mteja. Kurasa hizo nimekwenda nazo kwenye kila mahojiano tangu siku hiyo.

2018 niliitwa na kampuni ya malipo Westlands. Wakauliza natarajia ngapi. Kichwani nilikuwa na 52,000 yangu, lakini nilikuwa nimejizoeza kutamka 120,000 njia nzima kwenye matatu. Nikaitamka. Wakanipa 110,000. Sikuulizwa chuo hadi siku ya kujaza fomu za ajira, nikaandika kidato cha nne, yule mama akapokea fomu akaendelea na kazi yake. Kutoka 52,000 hadi 110,000 kwa siku moja, na mimi ni yule yule.

2020 nilikuwa nimefika 180,000. Korona ikaja, wakatukata asilimia 30 kwa miezi saba. 2021 nikapata kazi ya mkataba na kampuni ya nje, dola 2,800 kwa mwezi, nafanyia kazi nyumbani. Watu wengi husimulia hadithi hii na kuishia hapo, kwa hiyo nikumalizie. Ukiwa mtu wa mkataba hakuna likizo ya malipo, hakuna anayekuwekea NSSF, na ritani ya kodi unaipeleka mwenyewe kwenye iTax, tovuti ya kodi, kabla ya Juni 30 kwisha. Januari 2024 dola ilipofika karibu 160 niliona kama 448,000 kwa mwezi. Kufikia Juni ilikuwa karibu 130, na dola zile zile zikawa 364,000. Julai wakaniita kwenye simu ya video ya dakika kumi na tano, wakanipa notisi ya wiki mbili.

Nilikaa miezi minne bila mshahara. Niliomba kazi 41, najua idadi kwa sababu niliziandika kwenye jedwali. Katika hizo, fomu 13 zilikataa kwenda mbele bila digrii, kama alivyosema Mhasibu hapo juu. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba karatasi haina maana. Wakati watu wengi wanatafuta kazi, karatasi ndiyo ungo wa kwanza. Novemba 2024 nikapata kazi niliyo nayo sasa, 320,000 kabla ya makato, naongoza watu sita. Kwa viwango vya 2025 zinabaki kama 219,000 mkononi.

Ungeniuliza kama mdogo wangu, ningekwambia usianze miaka sita ya chuo kwa sababu ya sentensi moja ya meneja mmoja. Anza kwa kutafuta kurasa zako mbili. Unaye mtu mwenye digrii unayemkagulia msimbo. Umeshazuia makosa mangapi yasimfikie mteja? Yaandike.

MamaWawili

Kaka Fundi, nimesoma yote na nimeguswa, lakini niruhusu nipingane nawe kidogo.

Mimi nilifanya hiyo njia ya diploma kisha digrii, jioni na Jumamosi, nikiwa na mtoto mmoja na nikamaliza nikiwa na wawili. Nilikuwa na miaka 35. Mshahara wangu haukupanda hata shilingi mwezi niliohitimu, na dada asitegemee hilo. Lakini miaka miwili baadaye nafasi ya kusimamia idara ilipotokea, jina langu halikuondolewa kwenye orodha, na la mwenzangu aliyenizidi ujuzi liliondolewa. Hiyo ilikuwa tofauti ya 90,000 kwa mwezi. Kwa hiyo inategemea unataka kufanya kazi wapi. Ukitaka kubaki kwenye kampuni za programu, mfuate Fundi. Ukiota benki kubwa au serikali, anza diploma mapema, hata somo moja moja.

Jambo lingine ambalo halijasemwa: tunza barua za ajira. Kila kampuni, barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, na kazi uliyofanya. Ujerumani, tangu Novemba 2023, mtu wa kompyuta anaweza kupewa Blue Card, kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, bila digrii kama ana uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita na ofa yenye mshahara wa kiwango wanachotaka. Marekani, kwa H-1B, visa ya kazi ya wataalamu, miaka mitatu ya kazi huhesabiwa kama mwaka mmoja wa chuo, yaani 12 kwa digrii nzima. Lakini lazima uthibitishe. Kaka Fundi, ile miaka ya Biashara Street uliyolipwa mkononi, una barua yake?

FundiWaKayole

Sina, dada. Ofisi ilifungwa 2016 na mwenyewe sijui aliko. Miaka mitatu ya maisha yangu ambayo siwezi kumwonyesha mtu. Ahsante kwa kulileta hili, na BintiWaRongai alishike. Hilo la 90,000 pia nakubali.

NgojaKwanza

Mimi nitasema lisilopendeza. Fundi, wewe uliingia 2013. Waliojua kuandika programu Nairobi walikuwa wachache na wateja walikuwa wanatafuta watu. Leo nafasi moja ya ngazi ya chini inaombwa na mamia, kozi za miezi michache zimejaa mjini, na msimbo wa kawaida unaandikwa na AI kwa dakika moja. Nina miezi tisa natafuta, na mimi nina digrii. Kumwambia binti huyu aache 45,000 ya uhakika ni kumweka hatarini. Mama yake ana deni la chama.

FundiWaKayole

Ndugu, pole kwa hiyo miezi tisa, najua inavyochosha. Na uko sahihi kuhusu mlango wa kwanza, umekuwa mwembamba mno. Kama angeuliza leo ataingiaje akiwa hana chochote, nisingethubutu kumpa hadithi yangu.

Lakini yeye ameshaingia. Ana miaka miwili na nusu, ana wateja wanaotumia kazi yake kila siku, na anakagua kazi ya wenzake. Hiyo AI inaandika msimbo kwa dakika moja, kisha lazima awepo mtu wa kujua kwamba namba ya muamala imejirudia. Sijamwambia aache kazi. Atafute akiwa ndani, na asitoke hadi barua ya ofa iwe mkononi imetiwa sahihi. Deni la mama ndilo linanifanya niseme hivi, maana 3,600 ya nyongeza, wakishakata, haitafika hata 2,600. Hailipi deni la mtu.

Ukitaka, nitumie wasifu wako faraghani, niupitie jioni hii. Nasema kwa dhati.

BintiWaRongai

Nimesoma mara tatu. Sijui nianzie wapi kuwashukuru. Mama nimemsomea yote kwa sauti.

Nina swali moja lililobaki. Mwezi jana nilikuwa nimetuma maombi mahali pamoja Westlands bila matumaini, na leo asubuhi wamenipigia. Mahojiano ni Jumanne saa nne. Kwenye barua pepe wanataka nije na hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho. Wakiona 45,000 si wataniongezea kidogo tu juu yake? Na nikikataa kuzileta si wataona nina kiburi?

FundiWaKayole

Swali zuri, na hapa ndipo wengi wetu tulipotezea pesa.

Jibu barua pepe yao leo, kwa upole: "Nitafurahi kuwasilisha hati za mshahara tukishakubaliana kuhusu ofa, kwa ajili ya kuthibitisha ajira yangu." Wengi watakubali, kwa sababu sababu yao rasmi ni uthibitisho. Wakisisitiza, wape, usidanganye namba kamwe. Watu huhariri hati hizo na wakigundulika wanafutwa, na Nairobi ni ndogo. Lakini zikiwa mezani, wewe ndiye uwe wa kwanza kusema: "Huo ndio mshahara wa kazi niliyoingia nikiwa mwanafunzi wa atachmenti. Kazi mnayoitangaza ni nyingine, na kwa kazi hii natarajia kiasi hiki." Kisha utaje kiasi, unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi 2018 niliposema 120,000 nilihesabu vigae vya sakafu hadi kumi na nne kabla mtu hajajibu.

Kiasi chenyewe: kwa uzoefu wako na kazi ya malipo au maduka, mimi ningetaja 120,000 na nisingekubali chini ya 90,000. Sikiliza pia wanasema kabla ya makato au baada. Kwa viwango vya 2025, 120,000 kabla ya makato inabaki kama 85,000. Watu hukubaliana wakidhani wanazungumza kitu kimoja.

MamaWawili

Na uliza bima ya matibabu inamhudumia nani. Kama inaweza kumchukua mama, hiyo nayo ni pesa.

MhasibuUpperHill

Na meneja wako, ulimwuliza imeandikwa wapi?

BintiWaRongai

Nilimwuliza jana. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sijui kama imeandikwa, nadhani ndivyo tumekuwa tukifanya. Nitauliza." Nilisoma mkataba wangu na kitabu cha sheria za wafanyakazi, kurasa 34. Neno digrii halimo.

Kurasa zangu mbili zimekamilika. Nilirudi nyuma kwenye kumbukumbu za ukaguzi nikahesabu: tangu Januari nimekagua kazi ya wenzangu mara 212, na mara tisa nilizuia kosa ambalo lingegusa pesa ya mteja. Moja ni ya hoteli ambayo mfumo ulikuwa unakata kodi mara mbili kwa mtu akibadilisha chumba. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kaka Fundi amenirudishia wasifu, amefuta ile sentensi niliyoanza nayo, "Ingawa sina digrii."

Barua pepe wamejibu, wamekubali hati zije baada ya ofa.

Jumamosi nilikuwa Gikomba namsaidia mama kufungua belo. Watu walipopungua nikamwambia ajifanye yeye ndiye mwajiri. Akakaa juu ya gunia la sweta, akaniuliza, "Unataka tukulipe ngapi?" Nikasema laki moja na ishirini. Akaniambia niseme tena, sauti nimeiangusha mwishoni. Nikasema tena. Akataka mara ya tatu, na jirani yetu wa viatu naye akasimama kusikiliza.

Nitawaambia Jumanne jioni.